Magharibi inanikuta kwenye daladala, nifanyeje?

MuuzaMadera
Assalaam alaykum wapendwa. Nauza madera Kariakoo, nakaa Mbagala Rangi Tatu. Nafunga saa 12 jioni. Mwezi wa tano sikuwa na shida, adhana ilikuwa inatoka kama saa 12:13, ndiyo kwanza nimemaliza kukunja mzigo. Nasali msikiti wa jirani, napanda gari roho nyeupe. Sasa hivi Februari jua linavuta hadi 12:47. Nikisubiri, nakuta watu wameshaanza kuingilia madirishani, na mwili wangu huu sitoboi. Nikiwahi gari, adhana inanikuta njiani, kituo cha Mtongani.

Jana nilipata siti ya dirishani, upande wa kulia. Nimeliangalia jua likishuka nyuma ya mabati mpaka likamezwa lote. Misikiti mitatu ikaadhini kwa kupishana. Udhu ninao tangu Alasiri. Lakini gari inaelekea kusini, na kibla kwetu Dar ni kaskazini, yaani kiko mgongoni kwangu, na mgongoni kwangu kuna mbaba kapakata jogoo. Nigeuke nimsujudie jogoo?

Nimefika nyumbani saa 2:05, Isha imeshaingia. Je, naweza kuzijumuisha Magharibi na Isha, nizisali pamoja nikifika? Au nisali pale pale kwenye siti? Halafu simu inasema 12:47, ratiba ya ukutani msikitini 12:50. Nishike ipi?

MwishoWaReli
Dada, sisi Kigoma saa yetu ni hiyo hiyo yenu ila jua linatuaga kama dakika 40 baada yenu. Utotoni, mwezi wa Ramadhani, redio ikatoa adhana ya Dar, mdogo wangu akadaka tende. Mama akampiga kofi la mkono: "Hiyo ya Dar! Jua si hilo hapo juu ya ziwa?" Sina fatwa, nimekuja kusoma majibu.

UstadhiChanika
Waalaykum salaam. Kujumuisha sala kwa ajili ya safari kunataka safari kweli. Kwetu Mashafi, tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi, ni marhala mbili, kilomita 80 na ushei. Kariakoo hadi Rangi Tatu hata 20 hazifiki. Foleni si safari, ingawa ile ya Kilwa Road inashawishi.

Ila dada, wakati wa Magharibi watu wanaudhania mfupi kuliko ulivyo. Unaingia jua likizama lote, unatoka wekundu wa mbinguni ukipotea. Kwetu hapa ni kama saa nzima na kidogo, ingawa kuiwahisha ndiyo bora. Sasa adhana ikikukuta Mtongani, shuka. Rakaa tatu, ambazo hata msafiri hapunguziwi, ni dakika saba na sunna yake. Panda nyingine. Ukibanwa kabisa na gari haisimami, sali kwa ishara hapo ulipo kwa kuheshimu wakati, kisha irudie ukifika. Usiiache tu ikatoka.

Hizo dakika tatu za ratiba ni tahadhari tu, hazina ugomvi na simu yako.

DerevaBajaji
Ustadhi, na nauli ya pili nani analipa?

UstadhiChanika
Wewe ukimkuta kituoni mpakie bure.

MuuzaMadera
Jamani mrejesho. Leo nimeshuka Mtongani. Konda kanifokea, "Mama, Rangi Tatu bado!" Nikamwambia najua baba, niache nishuke. Upande wa wanawake tulikuwa wanne, mmoja kaacha ndoo yake ya samaki mlangoni, harufu ilituimamisha wote. Nimesali huku ule wekundu ukiwa dirishani mkono wangu wa kushoto, haujaondoka bado. Gari ya pili nimesimama mguu mmoja hadi Zakhem.

Nimeingia nyumbani saa 2:20. Sasa mume wangu ndiye anayeuliza hizo dakika 15 nilikuwa wapi.