Mwalimu wa la tatu anatumia vipindi vya kusoma kufundisha udongo na mawe. Hii ni sawa?

Mama Wawili:
Habari za leo wadau. Mwanangu yuko darasa la tatu, shule ya serikali huku Kinondoni. Wiki iliyopita yote, kipindi cha kusoma hawakushika kitabu. Mwalimu aliagiza kila mtoto aje na chupa tupu ya maji na udongo wa nyumbani kwao. Wakatia udongo kwenye chupa, wakajaza maji, wakatikisa, wakasubiri utulie, kisha wakaandika walichokiona. Daftari limerudi lina tope na sentensi nne: "Kokoto zimeenda chini. Mchanga umekaa juu yake. Maji bado machafu. Majani yanaelea." Kesho yake ikawa jiwe la chokaa na ndimu, eti waone linavyotoa povu.

Sipingi sayansi. Ila mtoto bado anasoma kwa kuunganisha silabi, na darasa la nne kuna upimaji wa taifa. Si asome kwanza, mawe yatamkuta mbele? Na kusema ukweli, sikumpeleka shule aje kuwa mchimba mchanga. Mnaonaje?

Chaki Nyeupe:
Dada, "hawakushika kitabu". Hivyo vitabu vyenyewe unajua viko vingapi? Kwangu watoto watano wanagawana kimoja, wa pembeni anaona kisogo cha mwenzake. Mwenzangu kapata njia ya kila mtoto kuwa na kitu mbele yake cha kuangalia, kuandika na kusoma, wewe umeona tope tu. Njoo usimame mbele ya watoto mia na ushee tangu asubuhi, halafu urudi hapa uandike.

Mzee wa Ukwaju:
Mpeleke inglishi midiamu. Shule ya serikali, yaani Kayumba, ni Kayumba tu.

Chaki Nyeupe:
Mzee, wewe ulisoma wapi?

Mzee wa Ukwaju:
Kayumba. Ndiyo maana nazungumza kwa uzoefu.

Mama Wawili:
Mwalimu, sijasema walimu hamfanyi kazi, msinilishe maneno. Nimeuliza kusoma kwanza au la.

Jirani wa Mwenge:
Mbona hivyo viwili havigombani? Marekani wana viwango vya sayansi vya mwaka 2013. Mtoto wa darasa la pili anatakiwa atafute habari sehemu zaidi ya moja, aonyeshe kwamba mabadiliko mengine ya dunia huja ghafla, kama tetemeko, na mengine huenda polepole, kama mwamba kumomonyoka. Hilo halifanyiki bila kusoma. Na hapa kwetu mtaala mpya ulipoanza 2024 uliweka Jiografia na Mazingira kuanzia la tatu. Mwalimu hajavunja sheria yoyote.

Kipanga 77:
Si inaitwa Maarifa ya Jamii?

Jirani wa Mwenge:
Hiyo ni ya mtaala uliopita.

Mzee wa Ukwaju:
Kila uzi lazima Marekani aje. Huko darasa lina watoto ishirini na kitu, na mwalimu msaidizi juu.

Tipa la Kijani:
Nimesoma uzi vizuri, nikafika kwenye "mchimba mchanga" nikakwama. Mama, hiyo nyumba unayolala imejengwa kwa unga wa ngano? Mimi naendesha tipa. Nina watoto wawili sekondari, ada hailipwi na upepo.

Halafu hiyo chupa unayoilalamikia ndiyo kipimo chetu saiti. Fundi anayejitambua, kabla hajakubali mzigo, anachota mchanga kwenye chupa, anaweka maji na chumvi kidogo, anatikisa, anaiacha juu ya tofali. Baada ya saa mbili tatu anaiangalia. Mchanga umelala chini, juu yake kuna utando wa udongo laini. Ukiwa mwembamba, mwaga mzigo. Ukiwa mnene, geuza gari, maana zege la mchanga wenye udongo halishiki. Nimewahi kugeuzwa Goba na mzigo mzima kwa sababu ya chupa ya nusu lita. Leo mtoto wa miaka tisa anafundishwa bure, mzazi ananuna.

Mama Wawili:
Kaka, sikuwa na maana ya kukudharau, ni msemo tu.

Tipa la Kijani:
Msemo wa kudharau.

Bibi Siti:
Mama Wawili, pole na makelele. Nimefundisha la kwanza na la pili mpaka nikastaafu. Mwambie mtoto akusomee hizo sentensi zake nne. Akizisoma bila kukwamakwama, ujue anachokijua kwa macho na mikono kinamsaidia kusoma. Ila usiishie hapo, kwa sababu alichokiandika mwenyewe anakikumbuka kichwani. Mpe za mtoto mwingine, ambaye udongo wa kwao ulikuwa tofauti. Hapo ndipo utajua anasoma au anakariri. Mwalimu naye abadilishe madaftari kwa wanafunzi, vinginevyo hizo chupa zitakuwa mchezo kweli.

Mkazi Mbezi:
Tipa la Kijani, unapata wapi ujasiri? Ninyi ndio mliotumalizia mito. Mto Mbezi, mto Tegeta, mmechota mpaka kingo zinadondoka na nyumba za watu. Mchanga wa mto kazi yake ni kufika pwani ulishe ufukwe. Ukiuzuia juu, bahari inakula nchi kavu. Hoteli ya Africana pale Kunduchi iko wapi leo? Limebaki jina la kituo cha daladala.

Tipa la Kijani:
Africana imeanza kuliwa mimi niko tumboni mwa mama yangu, sina leseni. Na hayo maghorofa ya Mbezi Beach mnayopangisha yamejengwa kwa mchanga wa mwezini? Sisi tunafuata oda. Acheni kujenga, tutaacha kuchota.

Kipanga 77:
Si mchote wa baharini basi, uko mwingi.

Tipa la Kijani:
Una chumvi, unakula nondo. Huyu naye arudishwe la tatu.

Mkazi Mbezi:
Oda siyo ruhusa. Mnachota usiku, na mnajua kwa nini usiku.

Tabaka la Chini:
Nyote wawili mna nusu nusu. Kule Kunduchi uchimbaji wa mchanga mitoni ni sababu mojawapo, ila mawimbi, mikondo na kujenga hovyo ufukweni navyo vina mchango. Na siyo kila mahali mchanga umepungua. Pale bonde la Jangwani umezidi! Mto Msimbazi unatoka milima ya Pugu, unashuka na mwendo, ukifika Jangwani nchi imelala, maji yanapunguza mwendo, mzigo unabaki hapo hapo. Kizito kinatangulia, chepesi kinaendelea kuelekea daraja la Salender, baharini. Ni ile ile chupa ya huyo mtoto, ila yenye urefu wa kilomita thelathini na zaidi. Kitanda cha mto kinanyanyuka, mvua ikija maji yanaingia karakana ya mabasi ya mwendokasi, watu wanashangaa kila mwaka upya.

Kipanga 77:
Kama ile El Nino ya 2011.

Tabaka la Chini:
El Nino iliyotusumbua ni ya 1997 kuingia 1998. Desemba 2011 ni mafuriko mengine, ndiyo yale ambayo watu wa bondeni walipelekwa Mabwepande. Ilisemwa wakati ule kwamba mvua kama hiyo haijaonekana Dar tangu 1954.

Mkazi Mbezi:
Mabwepande wengi waliuza viwanja wakarudi bondeni.

Binti Magomeni:
Walirudi kwa sababu kazi ziko mjini. Nauli ya Mabwepande mpaka Kariakoo ungewalipia wewe? Mmekaa kwenye masofa mnahukumu watu wa bondeni.

Mkazi Mbezi:
Nani kahukumu? Nimesema walichofanya.

Jirani wa Mwenge:
Jamani, mada. Ndiyo maana mtoto wa Dar anatakiwa ajifunze hivi vitu mapema. Tetemeko la 2020 lilipotikisa hapa, watu wazima walikimbilia lifti.

Mzee wa Ukwaju:
Lile la Kagera.

Jirani wa Mwenge:
Kagera ni Septemba 2016. Hili ni tarehe 12 Agosti 2020, usiku, kitovu kilikuwa baharini upande wetu huku.

Binti Magomeni:
Nilikuwa ghorofa ya tano Ilala, sufuria zilicheza. Mimi nilidhani ni lori.

Mzee wa Ukwaju:
Lori la Tipa la Kijani.

Tipa la Kijani:
Mzee nakuheshimu, usinizoee.

Mama Wawili:
Jamani, swali langu bado. La nne mwakani.

Chaki Nyeupe:
Na hizo ndimu shule haikununua, mwalimu katoa mfukoni kwake. Wewe hata ahsante hukusema, umekimbilia kuanzisha uzi.

Mama Wawili:
Mwalimu, ndimu nilitoa mimi. Sita.

Mkazi Mbezi:
Tipa la Kijani hajajibu kuhusu usiku.

Tipa la Kijani:
Usiku hakuna foleni. Umewahi kupanda Goba na mzigo saa kumi na moja jioni?

Tabaka la Chini:
Hiyo siyo sababu, na wewe unajua. Kibali kinataja saa za kuchota au hakitaji?

Tipa la Kijani:
Kibali muulize mwenye gari. Mimi dereva.

Mkazi Mbezi:
Ahaa. Sasa tunaelewana.

Chaki Nyeupe:
Wa tipa fungueni uzi wenu, hapa tunaongelea shule.

Kipanga 77:
Tuufungue jukwaa gani, la ujenzi au la mazingira?