Orodha ya namba ukutani: yamjenga mwanafunzi au yamvunja?

Mwalimu, Langoni:
Asalaam aleikum. Kwenye kikao cha wazazi wa shule moja hapa Lamu tulivutana mpaka adhana ya alasiri ikatukuta. Wengi wanataka irudi ile karatasi ya matokeo ya mtihani ya kubandikwa ukutani, kuanzia wa kwanza hadi wa mkia. Mimi nasema isirudi, na sababu yangu ni hii.

Nina msichana wa Gredi ya 7. Nikitoa hesabu ya akisami, huandika jibu kwa penseli hafifu, na akisikia viatu vyangu vinakaribia hulifuta. Siku moja nilifika kabla ya raba. Robo tatu jumlisha sudusi (1/6): alikuwa ameandika 11/12. Sahihi kabisa! Nikamuuliza mbona wafuta? Akasema, "Hesabu si zangu mimi, mwalimu." Mtoto anayeamini hivyo hanyooshi mkono, haulizi, na swali likiwa gumu kidogo analiacha. Mwili uko darasani, akili imeshaondoka.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa jambo fulani analiweza ndiyo huamua kama atalianza, atatia bidii kiasi gani na atavumilia mpaka lini. Akaitajia vyanzo vinne: kufaulu mwenyewe, kumwona mwenzako akiweza, maneno ya kutiwa moyo, na hali ya mwili na moyo wakati wa kazi. Cha kwanza ndicho chenye nguvu zaidi. Wala si jambo la kigeni kwetu. Mtaala wetu wa umilisi hapa Kenya (CBC) umeweka kujiamini miongoni mwa umilisi 7 wa kimsingi. Sasa nielezeni, karatasi ya ukutani inamwonjesha aliye wa 40 kufaulu kupi?

Mzazi, Mkomani:
Mwalimu wangu, nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe. Mwanangu alikuwa wa 31. Alilisoma jina lake mbele ya wenziwe, akarudi nyumbani hakugusa chakula. Muhula uliofuata akawa wa 19. Uchungu ulimwamsha. Tukiwalea kimayaimayai, huko mbele nani atawabembeleza? Na hizi ripoti za sasa, zinazoandika "mbali na matarajio" badala ya namba, sizielewi. Mbali kiasi gani? Namba naielewa.

Dada, Shela:
Mimi nilikuwa wa mwisho mihula mitatu mfululizo. Uchungu uliniamsha muhula wa kwanza tu. Wa pili nikazoea, wa tatu nikahamia nyuma karibu na dirisha. Sikumbuki hata somo moja la mwaka ule.

Fundi, Matondoni:
Wanangu, kwetu kijana akija kujifunza kazi ya majahazi hapewi shoka siku ya kwanza. Twampa pamba ya kalafati, ya kuzibia nyufa za mbao, na patasi butu, "njoo, ziba hapa," palipo pembamba. Akimaliza, maji yamwagwa ndani naye asimama nje atazame: hayapiti. Hilo ameliona kwa macho yake, hakuna wa kumnyang'anya. Ndipo twamsogeza penye ufa mpana. Lakini nanyi walimu mmezidi "vizuri sana, hongera" hata kazi ikiwa mbovu. Chombo hupigwa kalafati kwanza, ndipo kikapakwa sifa. Ukianza na sifa, mbao zang'aa na maji yaingia.

Mwalimu, Langoni:
Fundi, hapo umenikamata, nami nakubali. Sifa za bure mtoto huzitambua. Yule msichana sikumsifu. Nilimketisha na mwenzake aliyekuwa amelikosa zoezi lilo hilo wiki iliyotangulia, akamweleza pale alipokwama yeye. Watafiti Schunk na Hanson waliliona jambo hili Marekani mwaka 1985: watoto waliosumbuliwa na hesabu za kutoa, waliomtazama mtoto mwenzao akijifunza, walijiamini na kufaulu kuliko waliomtazama mwalimu. Msichana wangu sasa hafuti. Kukosea bado hukosea, ila huniita mwenyewe nije nione.

Mzazi wa Mkomani, nikuulize kwa heshima: muhula ule wa namba 19, nani alikaa na mtoto?

Mzazi, Mkomani:
Binamu yake. Kila siku baada ya isha, hapo barazani kwetu, mpaka niwafukuze wakalale. Na huyo binamu naye aliwahi kurudia darasa. Kusema kweli sikuwa nimelitazama kwa upande huo. Lakini bila ile karatasi nisingejua mwanangu anazama.

Mwalimu, Langoni:
Kujua ni haki yako. Barua ya kuja kwako peke yako isingekujulisha?

Mzazi, Mkomani:
Ingenijulisha. Ila iandikwe alipokwama, si namba tupu wala "mbali na matarajio". Mkiniandikia "hajui kusawazisha asili (namba za chini) za akisami," nitajua ni nani wa kumwita aje akae naye. Kwa mpango huo, karatasi ya ukutani naiacha. Barua zisipoandikwa, kikao kijacho nitasimama tena kuidai.