Baba alivuma, kisha simu zikakoma. Nimsaidieje?

Habari za jioni wakuu. Baba yangu ni mgambo wa zamani, alipigana Vita vya Kagera. Waliporudi mwaka 1979 kijiji kizima kilitoka kuwapokea, ng'ombe akachinjwa. Baada ya hapo akarudi kwenye migomba yake na hakuna aliyemwuliza kitu tena. Hata sisi wanawe tulikuwa tunamkatisha: "Baba, hiyo ya mapigano ya Lukaya, kule Uganda, umeshatusimulia."

Mwaka jana, karibu na Siku ya Mashujaa, vijana wa chaneli moja ya mtandaoni walikuja kumrekodi. Video ikasambaa kwelikweli. Watu wakaomba kupiga naye picha, mwanasiasa mmoja akaahidi bati, bodaboda wakaanza kumwita Jenerali. Kufika Krismasi, kimya. Bati hata moja hatujaliona.

Sasa kila asubuhi anavaa koti lenye medali na kwenda kukaa stendi. Simu haiachi, hata chooni anakwenda nayo. Nikimwambia hawarudi, anasema namwonea wivu. Mama kachoka. Nifanyeje?

Nshomile Mjini: Hao wamekula hela ya matangazo, mzee kaachiwa soda. Wabane wamlipe.

Binti Muleba: Hela wadai, sawa. Ila mzee hakai stendi kwa ajili ya hela. Hiyo video kama ndiyo niliyoiona, walimwimbisha, wakamfanya aigize mlio wa saba saba, yale maroketi ya vitani, watu wakacheka, ikaisha. Walikata nini?

Mleta uzi: Hapo umegusa penyewe. Walishinda naye siku nzima. Muda mwingi alimzungumzia mwenzake waliyetoka naye kijijini, aliyefia Lukaya. Hayo yote hayamo.

Kijana wa Zamani: Mwanangu, msalimie sana baba yako. Nilikuwa jeshini wakati huo. Brigedi yetu ya 201 ilijaa mgambo ambao hawajawahi kuona vita. Jioni ya Machi 10, 1979, maroketi ya Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin yalipoanza kumiminika Lukaya, wengi walitawanyika. Alfajiri brigedi ya 208 ikaja ubavuni, mambo yakageuka. Watu husimulia hiyo alfajiri. Ule usiku hatuusemi, maana kuna waliokimbia na wenzao wakabaki. Sidai kwamba baba yako alikimbia. Ila huenda anawasubiri wale vijana ili amalizie hapo walipomkata. Usimvue koti. Kaa naye wewe, mwache aseme mpaka mwisho, halafu mpeleke Kaboya kwenye makaburi ya mashujaa.

Bodaboda Msomi: Sisi tunaomwita Jenerali hatumkejeli jamani, tunampenda.

Binti Muleba: Usiku analala? Kama anashtuka, mpeleke hospitali aonane na wataalamu wa afya ya akili. Msianze kutafuta mchawi.

Mleta uzi: Anashtuka tangu tukiwa wadogo. Mama humwita kwa mbali, hamgusi, tukadhani ndivyo wazee walivyo. Hospitali nitampeleka. Kaboya tutakwenda nikipata nauli. Mzee wangu Kijana wa Zamani, nikuulize: kule makaburi yote yana majina? Najua tukifika tu ataanza kumtafuta mwenzake, na sijui nimwandaeje asipomwona.