Tupeane uzoefu: wazee wenu walisemaje kuhusu Mwambao kabla ya 1963?

Wapwani wenzangu, tuyakusanye haya kabla wazee hawajatuishia. Babu yangu wa Kibokoni, Mombasa, alikuwa Mwambao damu, yaani wale waliotaka pwani isiunganishwe na Kenya. Akisema ile ukanda wa pwani wa maili kumi ni ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza kaikodi tu tangu 1895, na bendera nyekundu si ile pale Fort Jesus kila mtu anaiona, sasa mpangaji akihama funguo anampa mwenye nyumba ama anampa jirani? Nduguye alikuwa KANU, chama cha Kenyatta kilichotaka Kenya moja, wakawa hawanywi kahawa baraza moja. 1961 akaja Sir James Robertson, kamishna wa Mwingereza, kusikiliza maoni, ripoti yake ikatoka kwamba pwani iunganishwe na Kenya. Kura ya kuulizwa hilo hakuna aliyepigishwa, na hilo ndilo linaloniuma hata kama jibu lingekuwa lilelile.

---

Pole ndugu, lakini kwetu Malindi ilikuwa kinyume kabisa. Babu Mgiriama, analima shamba la mwenye hati, mahindi ruhusa ila mnazi marufuku kupanda maana mti wa kudumu utamfanya adai ardhi. Yeye akisikia Mwambao anasikia wenye mashamba wanaongezewa nguvu, basi akamfuata Ronald Ngala na chama chake cha KADU, waliotaka majimbo, yaani kila mkoa uwe na serikali yake ndani ya Kenya. Halafu Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua za makubaliano, mahakama za kadhi zitabaki na hati za ardhi za pwani zitaheshimiwa. Kadhi yupo mpaka kwenye katiba ya 2010. Sisi shamba lile tunalima bado, hati hatuna.

---

Mimi wa Lamu. Nyanya yangu anasema wanawake hakuna aliyewauliza, lakini ndani walikuwa wanazungumza usiku kucha, hofu yao ni nani atagawa mirathi na nani atavunja ndoa, siasa nyingine waachie wanaume. Nusu ya ndugu zake walikuwa Unguja na kule wakapata uhuru wao 10 Disemba, sisi 12. Kisha Januari mapinduzi kule, Sultani kaondoka, na jamaa wawili wa nyanya wakaingia kwetu kwa jahazi hawana hata sanduku. Anasema tangu siku ile nyumbani kwao neno Mwambao halikutajwa tena, si na waliolitaka wala na waliolikataa.