Mawakala wanatangaza bila kukoma karibu na muafaka, na wastani unahama

Swali
Wakuu, nina mawakala 6 (vifaa vinavyotumiana thamani zao, x_i, ili wafikie muafaka kwenye wastani wa thamani za mwanzo) kwenye duara, viungo vya pande mbili, uzito 1. Kasi ya x_i kubadilika ndiyo amri ya kila mmoja: u_i = −Σ(x_i − x̂_j), x̂_j ikiwa thamani ya mwisho aliyotangaza jirani. Wakala hutangaza |x̂_i − x_i| inapozidi 0.3|z_i|, ambapo z_i ni jumla ya tofauti zake na majirani. Karibu na mwisho matangazo yanamiminika kila hatua ya 1 ms, na wanakubaliana kwenye namba isiyo wastani wa mwanzo. Nianzie wapi?

Jibu la 1
Anza na wastani, maana ni mstari mmoja tu wa msimbo wa programu. Wakala naye atumie thamani yake aliyoitangaza: u_i = −Σ(x̂_i − x̂_j). Hapo kila kiungo kinawasukuma wawili kinyume kwa kiasi kilekile, jumla ya amri zote inabaki sifuri na wastani hauhami. Ukiacha x_i, kila wakala anachangia 2(x̂_i − x_i) kwenye jumla, na michango hiyo haifutani.

Kuhusu matangazo, kizingiti chako kinakufa mapema. Wakala mwenye jirani mmoja juu na mwingine chini kwa umbali sawa ana z_i = 0, ilhali kundi bado halijakubaliana; mtikisiko wowote unachochea tangazo. Tumia kizingiti cha muda, c0 + c1·e^(−αt) (kinashuka kwa kasi α hadi sakafu c0), walichopendekeza Seyboth, Dimarogonas na Johansson mwaka 2013. α iwe chini ya λ2, thamani-eigeni ya pili kwa udogo ya matriki ya Laplace L (inayoeleza nani ameunganishwa na nani). Duara la 6 lina λ2 = 1, kwa hiyo α = 0.5 inafaa.

Muulizaji
Asante mkuu. Je, c0 iwe sifuri?

Jibu la 2
Kwenye hesabu safi, ndiyo, na muafaka unakuwa kamili. Kwenye vihisi halisi usithubutu: kizingiti kitazama chini ya kelele na mafuriko yatarudi. Iweke c0 juu ya kilele cha kelele. Gharama yake ni mtengano wa mwisho usiozidi ‖L‖√N·c0/λ2, ambapo ‖L‖ ni thamani-eigeni kubwa kabisa ya L (hapa 4) na N ni idadi ya mawakala; kwa c0 = 0.01 unapata 4 × √6 × 0.01 ≈ 0.098.

Kisha punguza hatua ya uigaji hadi 0.1 ms. Muda mfupi kabisa kati ya matangazo ukishuka nayo, bado una tabia ya Zeno, yaani matangazo yasiyo na kikomo ndani ya muda mfupi. Ukibaki palepale, umepona.

Jibu la 3
Niongeze la pakiti. Tangazo likimfikia jirani mmoja na kumkosa mwingine, x̂_i zinatofautiana na wastani unahama tena, hata kwa fomula sahihi. Rudia kutuma hadi majirani wote wathibitishe, na wabadilishe thamani kwa wakati mmoja.