Bimkubwa anasafiri peke yake kwenda Ujerumani na Kiingereza hajui. Mliowahi kukwama ugenini njooni hapa

MangiWaKibosho (Moshi)
Wakuu habari za jioni. Bimkubwa wangu anaenda Leipzig kumuona mjukuu, mdogo wangu wa kike kajifungua huko. Viza imetoka, bima ipo, tiketi ni KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), Addis Ababa halafu Frankfurt, na mdogo wangu na mumewe watakuja kumpokea hapo Frankfurt. Sasa shida ni kwamba mama hajawahi kupanda ndege maisha yake yote, anaongea Kiswahili na Kichaga basi, na magoti yanamsumbua. Yeye wala hana presha, anasema "watu si wapo, nitauliza", mimi ndo silali. Maana kuuliza pale sokoni Mbuyuni na kuuliza Addis saa nane za usiku ni mambo mawili tofauti aisee. Baba mdogo keshaanza maneno eti tughairi, mama atapotea, na kikao cha ukoo kimeitwa kama vile kuna msiba.

Swali langu sio nauli wala viza. Nataka kusikia kwa mtu aliyewahi kukwama nchi ya watu, yani ndege imechelewa, simu imezima, treni imeondoka, nani alikusaidia na ULIMPATAJE? Watu wa hivyo wapo kweli au tunadanganyana tu? Na wale wa "mpe simu janja", anayo, anasikilizia kwaya.

BintiNjoro (Moshi)
Mwache mama aende jamani. Addis mimi nishalala, nilikuwa natokea Dubai, ndege ikachelewa kuondoka nikakuta ya KIA imeshaniacha. Unapewa hoteli na chakula lakini kwanza upite uhamiaji, upange foleni ya karatasi ya hoteli, utafute basi, na mimi hapo nimechoka nalia kabisa bila aibu. Kuna mama mmoja wa Kihabeshi kajitanda lile shuka lao jeupe, nikamfuata nikamuonesha tiketi yangu, hakujua Kiingereza hata neno, akanishika mkono kama mtoto wa chekechea akanipeleka dirisha moja mpaka jingine anagomba kwa Kiamhari na kila mtu, na yeye safari yake ilikuwa inamsubiri. Hakuondoka mpaka nimekaa kwenye basi.

Sasa kitu cha kumfundisha mama, na hiki atafurahi. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, asubuhi saa moja ni saa moja, hawana habari za kuanza usiku wa manane. Pale hotelini jamaa wa mapokezi akatangaza kwa Kiingereza basi la uwanjani linaondoka saa 2, mimi nikaelewa papo hapo ni saa mbili asubuhi, kuna Wabrazili wawili wao wakajua ni mchana, wakaagiza chai taratibu na kutandaza ramani watembee mjini. Ikabidi niwafuate nikawachorea saa kwenye tishu. Walinikumbatia mpaka nikaona haya. Ila mwambie tiketi na zile tv za uwanjani zinaandika saa za kizungu, asichanganye, akiona 23:00 ni saa tano usiku.

ChaliiWaNgarenaro (Arusha)
Mnampamba sana huyo msamaria mwema, ngoja niseme upande wa pili. Mimi nafuata mzigo Guangzhou, Uchina. Kule mtaa wa Xiaobei kuna jamaa alinifuata anaongea Kiswahili kimenyooka kuliko changu, "karibu ndugu yangu, mimi nimekaa Kariakoo", akanipeleka kwa mtu wake wa kubadilisha dola, nusu ya noti nilizopewa zilikuwa feki, na ndugu yangu wa Kariakoo hakuonekana tena. Usiku huohuo simu ikazima chaji, na Uchina bila simu wewe ni mzoga, kila kitu kinalipwa Alipay au WeChat, hata mchoma mahindi. Nikaingia kimgahawa cha tambi, mama mwenye nyumba hajui hata hello, nikamuonesha simu imekufa nikamuonesha kadi ya hoteli ile ya maandishi ya Kichina. Akanichajia simu, akanipa bakuli la tambi, akatoka nje akasimamisha taksi akamuelekeza dereva. Nilivyotaka kulipa akanifukuza.

Kwahiyo arifu, mwambie bimkubwa hivi: anayekuja mwenyewe kukusaidia mtilie mashaka, unayemfuata wewe ana nafuu. Hasa aliyeko kazini kwake, mwenye duka, mfagizi, mama mwenye watoto, hao hawajaamka asubuhi wakipanga kukutapeli wewe. Na mtu yeyote akimwambia "mama nishikie hiki kibegi kidogo tu" akatae hata kama anaongea Kichaga cha Kibosho. Wapo watu wamefungwa miaka mingi nje kwa kibegi cha mtu. Roho nzuri ya kina mama zetu ndo inayowindwa hapo.

DadaMarangu (Moshi)
Chalii kaongea point ila asimtishe mama wa watu bana.

Ujerumani nimekaa, nilienda kujitolea kupitia kanisa. Kuna usiku wa theluji nilikuwa natoka Frankfurt kwenda Nuremberg, treni ikaishia Würzburg, wakatangaza kitu kwa Kijerumani, watu wote wakashuka na mimi nikashuka, kumbe hakuna treni tena mpaka asubuhi. Baridi ile siwezi kuelezea. Nikaona bibi na babu wamevaa vizibao vya bluu, nikadhani ni wafanyakazi wa reli. Kumbe ni Bahnhofsmission. MangiWaKibosho liandike hilo jina kubwa kwenye karatasi, mama awe nalo. Ni huduma ya makanisa, Walutheri na Wakatoliki pamoja, ilianza Berlin mwaka 1894 kuwapokea mabinti waliokuwa wanatoka vijijini kutafuta kazi mjini wasidakwe na matapeli stesheni. Mpaka leo ipo kwenye stesheni nyingi kubwa, wengi wao ni wastaafu wanajitolea, na hawaulizi dini wala pasipoti. Walinipa chai na mkate, sehemu ya joto ya kukaa, asubuhi yule bibi akanisindikiza mpaka mlango wa behewa, akampa maelekezo abiria wa pembeni yangu anishushe Nuremberg. Nilivyomwambia natoka Moshi akauliza kama ni KKKT, yani Walutheri wa Tanzania, nikasema ndiyo, ikawa kama tumekutana usharikani.

WakalaSakina (Arusha)
Nakatisha tiketi kwa hiyo niongezee ya kiofisi. Mkuu rudi kwa aliyekuuzia tiketi, omba mama awekewe msaada wa kiti cha magurudumu tangu KIA mpaka Frankfurt, angalau masaa 48 kabla ya safari. Haulipii. Ulaya kuna sheria kabisa ya mwaka 2006, na mwenye shida ya kutembea kwa ajili ya umri anahesabika. Atapokelewa mlango wa ndege, Addis atapelekwa mpaka geti linalofuata, Frankfurt atapitishwa uhamiaji mpaka kwa mwanae. Wazee wengi wanaona haya, wanasema "mimi sio kilema", wanaacha haki yao.

Kile kikaratasi cha namba ya begi kisitupwe. Begi lisipotokea aripoti hapohapo kabla ya kutoka uwanjani, likipita siku 21 linahesabika limepotea na unadai fidia. Dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi, tafadhali.

MangiWaKibosho
Asanteni sana aisee, kesho nashuka mjini asubuhi kwa jamaa wa tiketi. Nimemsomea mama yote, kwa Chalii kasema "huyo kijana ana akili", kwa kiti cha magurudumu kanuna, anadai kanisa zima litasikia kwamba alibebwa. Nitamwambia ni usafiri wa VIP.

Sasa kuna balaa jingine, amefungasha ndizi mshare, maparachichi, maziwa mgando kwenye chupa na nyama ya mbuzi iliyokaushwa kwa ajili ya mzazi. Inapita hiyo?

DadaMarangu
Hahaha mzazi lazima ale mtori! Nyama na maziwa HAPANA, forodha wanachukua na anaweza kupigwa faini. Parachichi bila cheti cha afya ya mimea nalo hapana. Ila ndizi ruksa, Ulaya wameziacha huru pamoja na nanasi, nazi, tende na durian. Mbebeshe mshare wa kutosha, nyama watanunua hukohuko Leipzig.

BintiNjoro
Na ndizi zifungwe kwenye gazeti sio rambo.