Naomba ushauri: trena mwenye kitambi anafaa kweli?

Wakuu habari za jioni. Nina miaka 38, kilo 104, presha imeanza kunichungulia na daktari kaniambia nipunguze mwili, basi nikaenda jimu moja hapa Sinza kutafuta trena wa kunisimamia.

Wapo wawili. Wa kwanza kijana, kifua kama mlango, six pack za kutosha, siku ya kwanza tu kanipigisha squat na chuma mgongoni mpaka goti likavimba, nikimwambia linauma anasema komaa bro, no pain no gain, huku anajipiga selfie kwenye kioo. Wa pili ni mzee wa hamsini hivi, ana kitambi (cha haja kabisa sio kidogo), ila yeye kaniuliza presha yangu ikoje, nalala saa ngapi, usiku nakula nini, goti liliwahi kuumia lini, yote akaandika kwenye daftari, akasema tuanze na kutembea wiki mbili.

Moyo unaniambia nende kwa mzee ila washkaji wananicheka, eti angekuwa anajua si angeanza na lake hilo tumbo? Wife yeye anasema mganga hajigangi. Na mi nakumbuka Cus D'Amato, yule kocha wa ngumi, alikuwa mzee wa mvi na ndiye aliyemtengeneza bondia Mike Tyson, sasa sijui ndo najifariji tu.

Bei zao sawa, laki na nusu kwa mwezi. Waliowahi kufundishwa na trena mwenye mwili wa kawaida, mlipungua kweli?